Mbuni: Jina la mti lililoishia kuwa jina la kahawa duni

KAMUSI nyingi za Kiswahili zitakupa mbuni watatu. Kuna ndege yule mkubwa asiyeruka. Kuna mtu anayebuni kitu. Halafu kuna mti: mbuni, wingi wake mibuni, unaozaa buni, na hiyo buni ikikaangwa, ikatwangwa, ikachemshwa, ndipo tunapata kahawa. Ni mpangilio wa kupendeza. Mti una jina lake, tunda lina lake, kinywaji kina lake.

Lakini hebu nenda Kawangware, mtaa huu wa magharibi mwa Nairobi, umtafute mzee yeyote aliyewahi kuwa na shamba la kahawa Kiambu au Murang'a, umuulize mbuni ni nini. Hatakuonyesha mti. Nilimuuliza mmoja anayeuza mkaa karibu na steji ya 46, akacheka. "Mbuni si ni ile kahawa ya mwisho? Ile unaokota chini, unaanika kwa gunia, unauza bei ya kutupa." Na ule mti wenyewe anauitaje? "Kahawa." Na tunda? "Kahawa." Na kinywaji? Akanitazama kama mtu aliyechoka na maswali. "Si kahawa tu!"

Yaani kahawa imemeza mti, tunda na kinywaji, na mbuni limebaki kuwa jina la makombo. Kwa mwanafunzi wa lugha, hili si jambo la kusahihishwa kwa kalamu nyekundu na kuachwa hapo. Maneno hayashuki cheo hivihivi. Mara nyingi kuna kitu kilichoshuka pamoja nayo, na kwa mbuni nadhani tunaweza kuonyesha ni kipi.

Tuanze na ulimi. Kahawa ni neno la Kiarabu, qahwa, na buni vilevile linatokana na bunn. Yalifika pwani yetu kwa biashara ya Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, pamoja na kinywaji chenyewe. Mti asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia, lakini waliougeuza kinywaji cha ulimwengu ni watu wa Yemen. Huko, katika karne ya 15, Masufi waliunywa wasije wakasinzia katika dhikri za usiku. Bandari yao ya Mukha ndiyo iliyowapa Wazungu neno mocha. Wayemeni walikuwa na njia moja tu ya kuitayarisha buni: ilichumwa ikiwa nyekundu au ikiachwa ikauke mtini, ikaanikwa nzima nzima juani, mara nyingi juu ya paa tambarare la nyumba, mpaka nyama ya tunda ikagandamana na punje. Ndipo ikasagwa maganda yatoke. Hata maganda hayakutupwa. Huchemshwa pamoja na tangawizi yakawa kinywaji kingine, qishr, kinachonywewa Yemen hadi leo.

Kwa hiyo Mswahili wa Mombasa au Lamu wa zamani aliposema buni, alikuwa na tunda la namna hiyo akilini: lililokauka na ganda lake. Hakukuwa na tusi lolote ndani ya neno. Buni nyingine ilikuwa ipi?

Sasa, vipi buni ikawa mbuni bara? Wapo wanaodhani wakulima wa Kiambu walichanganya tu mti na tunda lake. Mimi sikubaliani. Nionavyo, hapa kuna kanuni ya sauti. Kikuyu hakina b kavu ya Kiswahili; kile kinachoandikwa b hutamkwa kwa pumzi inayopenya baina ya midomo. Sauti ya b yenye mshindo hupatikana ikitanguliwa na m. Ndiyo maana neno la kigeni likiingia Kikuyu, aghalabu huvishwa m hiyo: pesa ikawa mbeca, picha ikawa mbica. Buni ikifuata mlango huohuo, inatoka upande wa pili ikiwa mbuni. Mzee wa Kawangware kumbe hakulikosea jina la mti. Analitaja tunda, kwa matamshi ya kwao. Kwamba tamko hilo limegongana na jina la mti la Kiswahili sanifu ni ajali ya sauti tu. (Na tukiwa hapohapo kwenye ndege: jina la Kawangware lenyewe lina ngware, ambaye ni kware wa Kiswahili.)

Ulimi basi unaeleza ile m. Hauelezi dharau. Kwa dharau inabidi tuyafuate maji.

Mwaka 1893 wamishonari Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda kahawa Bura, katika nchi ya Wataita, kwa mbegu za kutoka Réunion, kisiwa ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Mwaka 1899 shirika hilohilo lilifungua misheni ya Mtakatifu Austin nje kidogo ya kambi ya reli iliyokuwa inaanza kuitwa Nairobi. Mibuni ikapandwa huko, na miche yake ikasambaa katika mashamba ya walowezi waliokuwa wakifika. Mpaka leo wataalamu huiita aina hiyo French Mission. Misheni hiyo iko Lavington ya sasa, yaani ng'ambo tu ya barabara na mto kutoka Kawangware. Anayetoka Kawangware asubuhi kwenda kufanya kazi za nyumba Lavington anakanyaga ardhi iliyokuwa shamba la kahawa. Na ukivuka Waiyaki Way hadi Loresho, hapo ndipo palipopatikana mti mmoja ambao maabara ya Scott huko Kabete waliuchagua wakauzalisha kuwa SL34, mojawapo ya aina mbili zilizoipa kahawa ya Kenya sifa yake. Nyingine ni SL28. Ukweli ni kwamba kitongoji hiki tunachokijua kwa mabati na matatu kimezungukwa na mwanzo wa kahawa ya Kenya.

Walowezi hao hawakufuata njia ya Yemen. Walifuata njia iliyokuzwa katika mashamba makubwa ya visiwa vya Karibi, njia ya kuosha. Inafaa nieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu ladha yote imo humu.

Tunda lililoiva linachumwa moja moja, jekundu tu, na kupelekwa kiwandani (wakulima husema faktori) siku hiyohiyo. Mashine inaling'oa ganda na nyama. Inabaki punje mbili zilizovikwa ute unaoteleza kama ulimbo wa bamia, wenye sukari nyingi. Ute huo hautoki kwa maji matupu. Punje hutiwa katika matangi zikachachuka usiku kucha au hata siku mbili, kutegemea baridi ya mahali, hadi vijidudu viule ute ulegee. Kisha huoshwa katika mifereji mirefu: nzito zinazama, nyepesi zinaelea na kutengwa. Kenya imezoea kuongeza hatua nyingine, kuziloweka tena katika maji safi. Mwishowe huanikwa juu ya meza za waya, zikifunikwa jua likiwa kali na zikigeuzwageuzwa kwa mkono, zikiwa bado ndani ya ganda jembamba la ndani linaloitwa pachimenti.

Matokeo yake ni kahawa isiyoficha kitu. Sukari ya tunda imeondoka na maji, imebaki punje na tabia yake: uchachu ulio wazi, ambao waonjaji huulinganisha na ndimu au balungi, na harufu ya matunda inayotokana na aina ya mti na udongo. Hiki ndicho mnunuzi wa Hamburg anachokilipia anapoona herufi AA, yaani punje kubwa zisizopenya tundu la takriban milimita 7.

Na ile iliyoanikwa nzima? Humo punje inakaa wiki kadhaa ndani ya tunda linalokauka polepole. Sukari inachachuka pale pale, karibu kama zabibu zinapogeuka mvinyo. Kahawa yake huwa nzito mdomoni, tamu kwa namna ya tende au matunda yaliyoiva mno, uchachu wake umefifia. Ikitunzwa vizuri, kama inavyofanywa Harar, Ethiopia, ni kahawa ya heshima na watu wanaitafuta. Ikitupwatupwa chini penye unyevu, ina harufu ya uvundo. Njia yenyewe haina kosa. Kilichoamua hatima ya mbuni ya Kenya ni tunda gani liliachiwa njia hiyo.

Maana katika mfumo wa walowezi, matunda mazuri yote yalienda kwenye maji. Yaliyobaki, yale mabichi yaliyochumwa kwa bahati mbaya, yaliyoiva kupita kiasi, yaliyokaukia mtini, yaliyopigwa na ugonjwa, yaliyoanguka, ndiyo yalianikwa. Mwisho wa msimu matawi yalikwanguliwa yote, likachanganywa zuri na baya, likaitwa mbuni. Soko likaliwekea madaraja yake, MH na ML, mbuni nzito na mbuni nyepesi, chini kabisa ya orodha inayoanzia AA. Ndivyo mpaka leo katika mnada wa Nairobi. Ni ajabu ndogo: katika orodha ile ya herufi za Kiingereza, neno pekee la kwetu ni hilo la chini.

Nani alikuwa akiitenga hiyo mbuni kwa mikono yake? Watu wa Dagoretti, Kawangware na Kiambu, walioajiriwa kuchuma. Kwa miongo mingi hawakuruhusiwa kuwa na mibuni yao. Sababu zilizotolewa na walowezi zilikuwa magonjwa, wizi na kuharibu ubora. Sababu ambayo haikutajwa kwa sauti ni kwamba mtu mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya mwingine kwa ujira mdogo. Katika miaka ya 1930 Waafrika wachache waliruhusiwa kujaribu huko Meru, Embu na Kisii. Kiambu, penye walowezi wengi, palingoja zaidi. Mlango ulifunguka hasa baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954. Kwa hiyo mkulima mdogo alipopata mibuni hatimaye, alipokea pia orodha ya madaraja ikiwa imeshaandikwa. Tunda jekundu lilikuwa la faktori, la chama cha ushirika, la mnada, la ng'ambo. Mbuni ndiyo iliyobaki nyumbani, juu ya gunia, kuku wakipita.

Nadhani hapo ndipo neno lilipovunjika. Kwa mkulima wa Kiambu, kahawa ilikuja kuwa kitu cha kuuza na mbuni kikawa kitu cha kubaki nacho. Zaidi ya asilimia 90 ya kahawa yetu huenda nje. Sisi tunakunywa chai.

Sisi, isipokuwa baadhi yetu. Kutoka Kawangware ukipitia Dagoretti Corner, mwendo wa saa moja na kitu kwa miguu, unafika Kibera, na pale kuna watu walioleta kahawa yao wenyewe, pamoja na namna yao ya kuinywa, bila kupitia misheni wala mlowezi yeyote. Hao ni Wanubi.

Mababu zao walikuwa askari wa Kisudani wa Emin Pasha katika jimbo la Equatoria. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua kwenda Uganda, na King's African Rifles ilipoundwa 1902 wengi wao waliingia humo. Waliomaliza utumishi walipewa mahali pa kukaa msituni kusini-magharibi mwa Nairobi, mahali walipopaita Kibra, yaani msitu. Ilipopimwa, hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1918 kuwa na ekari 4,197. Hati miliki ya jamii walikuja kuipata 2017, ya ekari 288. Sitaingia katika kisa hicho cha ardhi leo, kwani kinahitaji makala yake. Nakitaja ili msomaji ajue kwamba watu hawa wa Makina na Lindi si wageni wa juzi jijini.

Kahawa ya Sudan ina utaratibu wake. Punje hukaangwa papo hapo, wageni wakiwa wameketi, mpaka ziwe nyeusi. Hutwangwa kwa kinu na mchi pamoja na tangawizi kavu, pengine karafuu. Huchemshwa na kumiminwa kutoka katika jabana, chungu kidogo chenye shingo nyembamba, ndani ya vikombe vidogo vyenye sukari. Mtu wa Mombasa akiiona atamkumbuka muuza kahawa tungu na dele lake, vikombe vikigonganishwa kutangaza biashara. Ni ndugu wa baba mmoja.

Kwa muda mrefu nilidhani tangawizi ni ya kunogesha tu. Kisha mwaka jana nikapeleka mifuko miwili kwa bibi mmoja wa Kinubi, Makina, ambaye hukaribisha watu kahawa baada ya alasiri. Mfuko mmoja ulikuwa na AA mbichi, niliyonunua kwa mchomaji kahawa mjini. Wa pili ulikuwa na mbuni ya yule mzee wa mkaa, iliyotoka shambani kwa ndugu yake Githunguri na kukobolewa kwa kinu cha nyumbani. Sikumwambia ipi ni ipi.

Alizitazama tu. "Hii nzuri ya sura," akasema juu ya AA. "Hii nyingine imepigwapigwa." Akaanza na ya sura. Aliikaanga kama kawaida yake, akaitwanga na tangawizi, akachemsha. Tulipoinywa hakusema kitu kwa muda. Halafu: "Mwanangu, hii ina ndimu. Ukiweka tangawizi zinagombana." Kweli zilikuwa zinagombana. Ule uchachu unaolipiwa dola nyingi ulikuwa umekutana na ukali wa tangawizi, na hata sukari haikuweza kuwapatanisha.

Akaja kwenye mbuni. Kwanza aliichambua juu ya sinia kama mtu anayechambua mchele, akatupa karibu robo nzima: zilizooza, zilizotobolewa na wadudu, zilizobaki za kijani. Iliyosalia akaikaanga. Harufu ilikuwa nyingine, kama ya sukari guru inayoungua. Kahawa yake ilikuwa nzito, na tangawizi ilikaa ndani yake bila kelele. Sitasema ilikuwa kamili. Nyuma ya utamu kulikuwa na ladha ya gunia. Bibi alikunywa vikombe vitatu. "Hii ndiyo bun," akasema. "Ile ya kwanza wameiosha mpaka utamu ukaenda na maji."

Nimelifikiria sana neno lake. Kwanza, ni Kiarabu kilekile cha Yemen, bunn, bila m wala dharau. Pili, alichokisema ndicho hasa kinachotokea katika tangi la faktori: utamu unaenda na maji. Kinachobaki ni kitu kingine kizuri, lakini si kizuri kwa kila mezani. Kahawa ya kukaangwa sana na kuungwa kwa viungo ilizaliwa na buni ya kuanikwa na inaitaka buni ya kuanikwa. Kuipima mbuni kwa kipimo cha AA ni kama kupima pilau kwa kipimo cha wali mweupe. Na ile robo aliyoitupa inatuambia jambo la tatu: ubaya wa mbuni ulikuwa ndani ya mchanganyiko, na mikono yenye subira iliuondoa kwa dakika 10.

Wapo sasa wanaolijua hili, na hapa ndipo mambo yanapochekesha kwa uchungu. Katika miaka ya karibuni baadhi ya mashamba ya Kenya yameanza kuanika matunda mekundu, yaliyochaguliwa moja moja, mazima, juu ya meza za waya, kwa uangalifu uleule wa kahawa ya kuoshwa. Wanauza kwa bei ya juu kwa wachomaji wa ng'ambo. Mfuko wake nimeuona katika duka moja huku kwetu, ukiwa na maelezo ya matunda na mvinyo. Umeandikwa Natural. Neno mbuni halimo popote juu ya mfuko huo, na naelewa kwa nini: muuzaji anajua mnunuzi wa Nairobi akilisoma atafikiri ameuziwa takataka. Niliupeleka Kawangware kumwonyesha mzee wa mkaa. Aliunusa, akaugeuza akasoma bei, akaunusa tena. "Lakini hii ni mbuni," akasema. Ndiyo, mzee. "Sasa sisi tulikuwa tunaambiwa nini?"

Kwa upande wa lugha, ombi langu ni dogo. Watungaji wa kamusi waongeze maana ya nne chini ya mbuni, ile ya Kiambu na Kawangware, na waeleze ilikotoka, maana ni neno hai, na lina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Walimu wanaofundisha mbuni na mibuni kwa ajili ya mtihani wawaambie wanafunzi kwamba babu zao wakisema mbuni hawakosei. Na wanaochapisha mifuko, ikiwa hawana ujasiri wa kuandika mbuni, basi waandike buni ya kuanikwa. Bibi wa Makina ataielewa, na mtu wa Mombasa pia. Mzee wa Kawangware ataongeza m mwenyewe.